Namna ya kuutunza mto wa mjini kwa ushirikiano: tunavyofanya kando ya Mirongo

Mto wa mjini huharibika kwa sababu kila mtu anajua kipande chake tu. Mwenye gereji anajua pale anapooshea magari, mama anajua pale anapomwaga maji ya kufulia, ofisi ya serikali inajua daraja lake. Kazi ya kuuponya ni kuwafanya wote hao wauone mto mzima, kisha kila mmoja arudi kwenye kipande chake na kazi moja anayoiweza.

Mirongo unakata Jiji la Mwanza na kumwaga Ziwa Victoria karibu na katikati ya mji. Kiangazi unaweza kuuvuka kwa kurukaruka mawe. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hushuka yote kwa mara moja, maana majabali yetu hayanywi maji, na huku Mabatini watu wanaanza kuinua magodoro. Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko kando ya mto huu, na ni katibu wa kamati ya mto mtaani kwetu. Ninayoyaandika hapa yatamfaa pia mtu wa Kanoni kule Bukoba, wa Themi Arusha au wa Msimbazi Dar es Salaam, kwa kuwa mito hii yote inateswa kwa namna inayofanana.

Utembeeni kwanza

Kabla ya kuitisha kikao chochote, tembeeni mto kuanzia juu milimani hadi ziwani. Watu watano au sita wanatosha: mwenyekiti wa mtaa, kijana mwenye simu ya picha nzuri, mwalimu wa shule ya jirani, mtu mmoja anayefanya kazi mtoni, na mzee aliyekulia hapo. Mzee msimwache. Yeye ndiye anayejua mto ulipita wapi kabla ya nyumba kujengwa, na mafuriko hupenda kurudi njia ile ya zamani.

Tembeeni mara mbili, kiangazi na baada ya mvua, kwa sababu kila msimu unaonyesha mambo yake. Mwezi wa tisa, mvua ikiwa haijanyesha kwa wiki kadhaa, maji yoyote yanayoingia mtoni yana mwenyewe. Fuateni kijito hicho kidogo mpaka kwenye bomba kinakotoka, na mtajua ni sabuni, ni mafuta au ni choo. Baada ya mvua, tazameni viroba na matambara yaliyonasa kwenye matawi: hapo ndipo maji yalipofika, na hicho ni kipimo ambacho hata asiyejua kusoma anakielewa. Pigeni picha. Andikeni majina ya mahali kama watu wanavyopaita, "nyuma ya mashine ya kusaga", "kwenye kivuko cha mbao", ili ramani yenu isomeke na kila mtu mtaani. Sisi tuliichora kwenye karatasi ya manila na kuibandika ofisi ya mtaa. Watu waliisogelea na kuanza kusahihisha, na kusahihisha kule kulituletea wanakamati wapya.

Jueni nani ameshika nini

Hapa wengi wanachoka mapema, wakidhani serikali ni mlango mmoja. Maji ya mto yenyewe yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake ni hapa Mwanza. Mwenye kiwanda au kampuni anayetaka kutiririsha majitaka mtoni ni lazima awe na kibali chake, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mabomba ya majitaka ni ya MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira Mwanza. Mitaro ya barabarani na makalavati mengi ya mitaani, ulizeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taka ngumu, ramani za viwanja na vibali vya ujenzi ni halmashauri. NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, wanasimamia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Miche ya miti, waulizeni TFS, wakala wa misitu, na pia shule zenye vitalu.

Msiwaite wote siku moja. Kikao cha ofisi zote huishia kwenye hotuba na soda. Kila ofisi ipelekewe jambo moja linaloihusu, kwa barua ya ukurasa mmoja yenye picha moja, ikipitia kwa (K.K.) Mtendaji wa Kata. "Yah: Ombi la kuzibua kalavati karibu na mashine ya kusaga" inajibiwa. "Yah: Uchafuzi wa mto wetu" inawekwa kwenye faili. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, ihifadhiwe vizuri, na wiki mbili baadaye mtu yuleyule aliyeipeleka arudi kuuliza kwa adabu. Mkishapata majibu mawili matatu ya namna hiyo, ndipo mwaalike wote waje kuutembea mto pamoja nanyi. Wataonana wao kwa wao wakiwa wamesimama juu ya matope yaleyale, na hapo ndipo ushirikiano unaanza kweli.

Wanaokula kwa mto ndio walinzi wa kwanza

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ninayotaka uikumbuke, ni hii. Wachimba mchanga, waosha magari na walima mboga wako mtoni tangu alfajiri. Kamati nyingi huanza kwa kuwafukuza. Wanaondoka mchana, wanarudi usiku, na sasa hakuna anayeona wanachofanya.

Nendeni kwao kabla ya kikao, kwenye sehemu zao, na msikilize. Kijana mmoja mchimba mchanga aliniamkia, nikamwitikia, nikakaa kwenye jiwe. Akaniambia, "Mama, mchanga huu ndio ada ya mtoto. Mkinikataza hapa mnipe pengine." Nilimuuliza atuonyeshe ni wapi mto wenyewe unajaza mchanga. Alijua kila mahali, kuliko ofisa yeyote. Mchanga uliojaa chini ya daraja huziba maji, na kuutoa kunasaidia. Mchanga unaochimbwa kwenye ukingo huangusha ukingo, halafu nyumba. Basi makubaliano yakawa hapo: katikati na chini ya daraja inawezekana, ukingoni hapana, na wao wenyewe wamtaje anayevunja. Fanyeni makubaliano kama haya mbele ya ofisa mazingira, kwa kuwa uchimbaji wa mchanga una vibali vyake, na msije mkahalalisha kitu ambacho hamna mamlaka nacho.

Waosha magari wahamie hatua kadhaa kutoka majini, penye udongo, wachimbe shimo lenye mawe makubwa chini na changarawe juu ili maji ya sabuni yachujike ardhini. Kwenye jabali tupu shimo hilo halifanyi kazi, kwa hiyo chagueni mahali kwa makini. Oili chafu iwekwe kwenye madumu. Mafundi wa mbao huinunua kwa ajili ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Walima mboga ni suala gumu zaidi, maana mchicha uliomwagiliwa maji yenye kinyesi unaingia kwenye sahani za watu. Tulichoona kinafaa ni kuwashauri wapande majani ya tembo ukingoni. Mizizi yake inashika udongo, na wafugaji wa ng'ombe wa ndani mjini wananunua mafungu kila siku. Mtu hapotezi riziki, na ukingo unapata nguo.

Taka na vyoo

Ukipanda milimani utaelewa kwa nini taka zinaishia mtoni. Gari la taka halifiki. Njia ni ngazi za mawe, mama amebeba mtoto mgongoni, na mtaro uko hapo mlangoni. Mvua ikianza, taka za wiki nzima zinamwagwa na maji yanazichukua. Kumhubiria mama huyo ni kupoteza muda. Mpeni njia rahisi kuliko mtaro. Tafuteni sehemu ya chini ambapo gari linafika, kubalianeni na halmashauri siku na saa ya gari, kisha vijana wa mtaa wazibebe taka kutoka juu kwa malipo madogo ya kila nyumba. Vijana hao wakijisajili kuwa kikundi wanaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, wakanunua matoroli na glavu. Gari lisipokuja siku iliyosemwa, taka zitarundikana na mpango wote utaonekana wa uongo, kwa hiyo awepo mtu mmoja mwenye namba ya simu ya msimamizi wa gari.

Kutapisha vyoo wakati wa mvua ni jambo ambalo watu hawapendi kulisema kikaoni. Lisemeni. Kipindupindu kinaenea kwa njia hiyo. Mwenye nyumba anatapisha kwa sababu gari la kunyonya halifiki na shimo limechimbwa kwenye mwamba, halina kina. Dawa ya kudumu kwenye miinuko kama yetu ni mtandao wa mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba na nyumba, ambao Mwanza umeshajengwa kwenye baadhi ya milima. Kazi ya kamati ni kuorodhesha nyumba zilizo tayari kuunganishwa na zilizo tayari kuachia njia ya bomba, kisha kupeleka orodha hiyo MWAUWASA ikiwa na sahihi. Mhandisi akikuta wenye nyumba wameshakubaliana kuhusu njia, nusu ya ugomvi wake imekwisha.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi utumieni, msibuni siku nyingine. Ila tope linalotolewa mtaroni lisiachwe pembeni. Liondolewe siku hiyohiyo, la sivyo mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka.

Mita 60 na miti

Sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mtaani kwetu nyumba nyingi zimo ndani ya mita hizo. Kamati ikianza kutamka "mita 60" kila kikao, watu watasikia "bomoabomoa" na hawatakuja tena. Kamati haibomoi nyumba ya mtu wala haina mamlaka hayo. Kazi yenu ni kuzuia jengo jipya lisiongezeke: mkiona msingi unachimbwa ukingoni, mtaarifuni mtendaji siku hiyohiyo, kwa maandishi, kabla tofali halijapanda.

Penye nafasi, pandeni. Mvua za vuli zikishalowesha ardhi ndio wakati, ili mizizi ishike kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Karibu na maji wekeni matete na nyasi za vetiva, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15, mstari ukikata mteremko. Juu yake wekeni mikuyu, ambayo huota hata kwa kigogo cha tawi kilichochomekwa ardhini. Mikaratusi msiipande kando ya mto hata mkipewa bure, inakunywa maji mno. Milimani pangeni mawe kwa mistari kupunguza kasi ya maji. Mawe Mwanza hatununui. Kila kipande kiwe na nyumba inayokilinda, kwa sababu mbuzi humaliza kazi ya mwezi kwa asubuhi moja.

Wavuvi nao waingie mapema, kupitia BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ya mwalo ulio jirani na mto unapomwaga. Wao ndio wanaoona viroba vikinasa kwenye nyavu na magugu maji yakinenepa kwa rutuba ya vinyesi vyetu. Mafunjo yaliyobaki mdomoni mwa mto yaachwe yasimame: yanachuja tope, na samaki wadogo hujificha humo. Ukitaka kumshawishi mtu wa mjini asiyejali samaki, mkumbushe kwamba maji ya bombani kwake yanavutwa kutoka ziwa hilohilo, mengine pale Capri Point.

Daftari

Muhtasari wa kila kikao uwe na safu nne: kazi, jina la mtu, tarehe, na ushahidi wa kuonyesha imefanyika. "Kamati itashughulikia" isiandikwe kamwe. Kikao kinachofuata kianze kwa kusoma safu hizo kwa sauti.

Fedha zikianza kuingia, jisajilini kuwa kikundi kwa ofisa maendeleo ya jamii na mfungue akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja wao mwanamke. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani ofisi ya mtaa kila mwezi, hata kama ni shilingi elfu tano za kununua mifuko. Mnapotaka kukua na kuunganisha mitaa ya juu na ya chini, ulizeni Bodi ya Bonde kuhusu kuunda Jumuiya ya Watumia Maji, ambayo sheria ya 2009 inaitambua.

Mheshimiwa diwani mpeni heshima yake na mwalikeni kila mara, lakini asiwe mwenyekiti wa kamati. Uchaguzi ukifika, kamati yenye kiongozi wa chama itaitwa ya chama hicho, na nusu ya mtaa itaondoka. Maofisa nao huhamishwa. Ofisa mpya akiripoti, msisubiri awaite: mpelekeeni nakala ya ramani, barua zenye mihuri na muhtasari wa vikao vitatu vya mwisho, na mwombe tarehe ya kuutembea mto pamoja nanyi kabla mvua hazijaanza.