Sola juu ya Hiace: kontrola ipi ununue na waya uvute vipi, kwa joto na chumvi ya kwetu

Hiace yangu nimeng'oa viti vya nyuma nikatia kitanda, friji ndogo ya volti 12, feni na taa, nalala nayo hapa Unguja, Jambiani, Makunduchi, Nungwi, na tushavuka nayo kwa meli mpaka bandari ya Mkoani, Pemba, tukaenda kulala Vumawimbi kule juu kabisa. Kila nikisimama watu wananiuliza paneli zangu wati ngapi. Wati muhimu lakini mie nakwambia kabla hujatoa pesa geuza paneli, soma volti kwenye ile karatasi ya nyuma, mana volti ndo zitakazokwambia ununue kontrola gani, yaani kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri kupanga chaji.

Kwanza jua unakula umeme kiasi gani. Friji ya kompresa kwa joto letu haipumziki sana, wakati wa kaskazi yangu inakula kama ampea-saa 45 kwa siku, feni ya usiku 10, taa na simu kama 12, jumla karibu 67. Zidisha kwa volti 12 na nusu unapata kama wati-saa 840. Jua letu hesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, na asilimia kama 30 inapotea kwenye joto, vumbi na waya, kwahio paneli ya wati 200 itakupa kama 700 tu, haitoshi, wati 300 inatoa kama 1050 na hapo friji inalala salama na samaki wako ndani. Masika usitegemee hesabu hio, siku mbili za wingu zito lazma uzime kitu. Kuhusu kuzilaza paneli bapa juu ya bati usiwe na wasiwasi, sisi tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, jua linapita karibu na utosi.

Sasa kontrola. Ziko aina mbili, PWM na MPPT. PWM inaunga paneli na betri moja kwa moja, volti za paneli zinashushwa mpaka zifanane na za betri na kilichozidi kinapotea. MPPT inazichukua zile volti za ziada inazigeuza kuwa ampea. Wengi wanasema MPPT tu basi, lakini kwetu huku kuna jambo la joto. Paneli ndogo ya wati 100 imeandikwa volti 18 za kazi (Vmp kwenye karatasi ya nyuma), lakini hizo zimepimwa kwa nyuzi 25, na paneli juu ya bati la gari saa saba mchana inafika hata nyuzi 65, kila nyuzi moja inayozidi inapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya volti, ukipiga hesabu zile 18 zinabaki kama 15 na nusu. Betri ikiwa inachajiwa kwa 14 hakuna cha maana cha kugeuza. Kwahio mtu mwenye paneli moja ya wati 100 na taa na simu tu, achukue PWM nzuri ya ampea 10, pesa iliyobaki anunue waya mnene.

Ila ukichukua zile paneli kubwa za nyumba, za volti 31 za kazi na 38 za wazi, yaani zikiwa hazijaungwa na kitu (Voc), hapo PWM ni kutupa zaidi ya nusu ya paneli yako, wallahi usifanye. Hapo MPPT ni lazma.

Na MPPT zina namba mbili. Kwa mfano kampuni ya Victron wanaandika 75/15 au 100/20: ya mwanzo ni volti za juu kabisa kutoka juu ya gari, ya pili ni ampea za kwenda betri. Ya volti ndo inayoua. Mie niliunga paneli tatu za volti 38 mstari mmoja, 114, kwenye kontrola ya 100, ikafa siku ile ile na aliyeniuzia hakuniuliza hata paneli zangu zikoje. Hata mbili ni 76, zinaua ile ya 75. Tumia zile volti za wazi, sio za kazi, halafu acha nafasi mana asubuhi baada ya mvua paneli ikiwa baridi volti zinapanda. Ampea ukizidisha kidogo paneli sio tatizo, kontrola nzuri inakata tu, wati 300 kwenye 100/20 inakwenda vizuri.

Kitu kingine kinachoniuma ni kontrola zilobandikwa MPPT na ndani ni PWM. Njia ya kujua ni rahisi, tafuta mita ya kubana waya (clamp meter) inayopima DC, jua likiwa kali na betri haijajaa, unganisha paneli yenye volti nyingi kuliko za betri, pima ampea kwenye waya unaotoka paneli halafu pima unaokwenda betri. MPPT ya kweli ampea za betri zinakuwa nyingi zaidi. Zikiwa sawa umeuziwa PWM, irudishe na mita mkononi.

Kuunga paneli zenyewe: sirizi, yaani chanya ya hii kwenye hasi ya ile, volti zinajumlika na ampea zinabaki pale pale. Paraleli, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ampea zinajumlika. Ukiegesha chini ya mnazi kivuli cha kuti kwenye paneli moja kinaivuta sirizi yote, paraleli ile nyengine inaendelea kufanya kazi yake. Lakini MPPT nyingi zinataka volti za paneli zizidi za betri kwa kama 5 ndo ziamke, na paneli ndogo ya moto inafika hapo kwa tabu, kwahio paneli mbili ndogo na MPPT mie naunga sirizi na naegesha uwazini. Paraleli za tatu kwenda juu weka fyuzi kila paneli. Na chini ya paneli acha uwazi wa vidole viwili upepo upite.

Waya usionee huruma. Ampea 10, umbali mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.74 njiani, wa 4 unapoteza 0.46, wa 6 kama 0.31. Kwa volti 12 hio 0.74 ni nyingi, betri inachelewa kujaa. Mie natumia 6, tena wa shaba iliyopakwa bati, mana hewa ya chumvi ya Paje inaingia ndani ya waya wa kawaida unakuta shaba imekuwa nyeusi mpaka nusu mita ndani.

Kontrola ifunge karibu na betri, pahala penye hewa, isiwe juu ya betri ya maji mana inatoa gesi. Fyuzi ya ampea 30 iwe karibu na chanya ya betri, shubiri moja tu. Unaanza kuunga betri kwanza ili kontrola ijue ni 12 au 24, ndo ulete paneli, kuzifunika na kanga nene wakati wa kuunga ni vizuri zaidi, na kufungua unaanza na paneli. Hasi ya paneli usiifunge kwenye bodi ya gari, kontrola nyingi za bei rahisi chanya ndo iloungana ndani, utaichoma.

Mwisho iambie kontrola betri yako ni ipi. Ya maji volti 14.4, gel kama 14.2, lithiamu kati ya 14.2 na 14.6 na uzime kabisa ile chaji ya kusawazisha (equalize), inayopandisha volti juu zaidi. Kwa betri za risasi, yaani ya maji na gel, washa kipimo cha joto, ndani ya gari lenye nyuzi 35 zile 14.4 zinatakiwa zishuke mpaka kama 14.15, bila hivo maji yanakauka. Baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi rudi ukaze skrubu zote, na ukiona kijani kwenye kichwa cha waya kata, bana kichwa kipya, paka grisi.