Mkenya unayesomesha mtoto Dar: akichapwa, omba kitabu cha adhabu siku hiyo hiyo

Mengine ni mepesi. Kibali cha mwanafunzi kinashughulikiwa Uhamiaji, sare zipo Kariakoo, basi la shule unalipia kwa muhula. Kilichonitesa mimi ni kiboko.

Kwetu tangu 2001 mwalimu haruhusiwi kumchapa mtoto, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza zaidi. Ukivuka mpaka wa Horohoro, hayo umeyaacha nyuma. Tanzania Bara viboko ni halali, kwa kanuni zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Lakini vina mipaka, na hiyo ndiyo ya kuishika: visizidi vinne kwa mara moja, kosa liwe zito, fimbo nyepesi, mkononi au matakoni juu ya nguo, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni.

Mwanangu wa darasa la tano alirudi nyumbani Tabata hawezi kushika kijiko. Kiganja kimevimba hadi mistari yake haionekani. Fimbo tisa, kwa kukosa hesabu. Kesho yake niliingia ofisini nikifoka kwamba viboko ni marufuku. Mwalimu mkuu akanisikiliza, "Karibu mzazi, keti," kisha akanitolea fomu ya kujiunga yenye sahihi yangu: nimekubali adhabu kwa mujibu wa kanuni. Sikuwa nimeisoma. Nikaondoka kutafuta wakili. Siku ya nne ndipo jirani aliponiambia niombe kitabu cha adhabu. Ikaletwa kaunta buku: jina la mwanangu, utovu wa nidhamu, viboko vitatu, kwa wino usiofanana na wa mistari ya juu yake. Hospitali nako wakataka PF3 kwanza, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na uvimbe ulikuwa umeshashuka.

Kwa hiyo usiende kubishana kama viboko ni halali. Utashindwa. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, uchukue PF3, kisha hospitali, piga picha, halafu shuleni ukaombe kitabu. Siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumatatu, usimsubiri wakili, kitabu kinaandikika. Wakikuzungusha, nenda kwa afisa elimu kata, kisha wa manispaa. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure huku pia.

Nanyi shangazi zangu wa Likoni mnaoleta watoto Dar "wakapate adabu na Kiswahili safi", nawapenda, lakini jamani, mtoto anashuka basi alfajiri na fomu inasainiwa na binamu asiyejua hata shule iko mtaa gani! Isomeni, hata kwa picha ya simu.

Watanzania wana staha kutushinda. Katika sakata lote hakuna aliyenipandishia sauti. Ila staha hiyo inafunika mengi. Kwenye kikao cha wazazi nilipouliza mwisho ni viboko vingapi, ukumbi ulinyamaza, kisha baba mmoja akasema, "Mwalimu, wewe wanyooshe tu." Na hapo mwaka 2018 mwanafunzi alishafariki Kagera baada ya kuchapwa shuleni. Sikulala vizuri usiku ule.

Tumehamia shule nyingine, Segerea. Kabla ya kulipa ada niliomba kuona kitabu. Mwalimu mkuu alikitoa kabatini bila kuuliza sababu, akanifungulia ukurasa wa mwisho: kiboko kimoja, jina la aliyechapa, sahihi yake mwenyewe, tarehe ya miezi mitatu nyuma. Nikalipa.