Kupika na kuchovya kisu cha springi ya lori

Kisu kilichofuliwa na kupigwa tupa kikapendeza bado ni bapa la chuma tu. Kinoe, kitakata nyanya leo, kesho kitakuwa butu. Ugumu unatoka motoni na kwenye mafuta. Hapa naeleza springi ya lori peke yake, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa wauza skrepa na ndiyo inayomsamehe fundi asiye na mitambo. Springi nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, inatosha kabisa. Nondo za kawaida za ujenzi achana nazo. Kaboni yake ni ndogo, hazikazi ipasavyo hata uzichovye mara ngapi.

1. Jaribu chuma chenyewe

Kata kipande kidogo, kipashe hadi kiwe chekundu cha kung'aa, kichovye kwenye mafuta, kisha kibane kwenye jiliwa na ukigonge nyundo. (Vaa miwani.) Kikivunjika kama kioo, chuma kinafaa. Kikipinda, tafuta kingine. Angalia na pale kilipovunjika: chembe laini za kijivu ni dalili njema, chembe kubwa zinazometameta zinaonyesha ulizidisha moto. Springi iliyochakaa huweza kuwa na nyufa za ndani, kwa hiyo kagua sehemu utakayotumia.

2. Andaa kisu

Toboa matundu ya ribiti sasa, baadaye drili haitapenya. Makali yaache na unene wa milimita 1 hivi. Yakiwa membamba zaidi yatajikunja au kupasuka kwenye mafuta. Pale ubapa unapokutana na msuka (sehemu inayoingia kwenye mpini), zungushia kona kwa tupa, maana ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali.

3. Pumzisha chuma

Nyundo imekivuruga ndani. Kipashe kupita kidogo pale sumaku inapoacha kukishika, kitoe, kining'inize kwenye hewa tulivu mpaka weusi urudi. Rudia mara tatu, kila mara kwa moto pungufu kidogo. Wengi huiruka hatua hii, halafu kisu kikipinda wanalaumu mafuta.

4. Pika

Fanya kazi kivulini au jioni. Juani wekundu wa chuma hauonekani sawasawa, na fundi hujikuta amepitiliza bila kujua. Washa mkaa, ukolee, kisha uzike katikati yake kipande cha bomba la chuma na uingize kisu humo ndani. Bomba linasambaza joto, upepo wa mvukuto haupigi makali moja kwa moja. Lisiwe bomba lenye zinki, moshi wake ni sumu.

Puliza taratibu. Kisogeze kisu mbele na nyuma ili ncha isitangulie. Ni nyembamba, inaungua kabla mgongo haujaiva. Gusisha sumaku mara kwa mara. Karibu na nyuzijoto 770 chuma kinaacha kuvutwa, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia mafuta. Mapema mno! Springi inataka kama 830. Tazama ubapa kwa makini: utaona kivuli cheusi kikitambaa juu ya wekundu, kwa sababu wakati huo chuma kinameza joto kikijigeuza ndani. Kivuli kikishatoweka chote na rangi ikalingana kuanzia ncha hadi karibu na msuka, subiri kidogo, kisha kitoe. Kikifika rangi ya chungwa iliyokolea umezidisha: kiache kipoe, rudi hatua ya 3.

5. Chovya

Mafuta ya kupikia yanafaa, yapashe hadi nyuzi 50 au 60. Yakiwa baridi huwa mazito na hayapozi haraka. Oili chafu ya injini ina moshi mbaya, sipendekezi. Maji usithubutu kwa springi, yatakipasua. Tumia chombo kirefu cha chuma chenye mfuniko karibu. Mafuta yakishika moto, funika. Usimwagie maji kamwe.

Ingiza ncha kwanza, wima, bila kusita. Kisogeze kuelekea makali na mgongo, si ubavuni, la sivyo kitapinda. Kikitoka kimepinda kidogo, una sekunde chache za kukinyoosha kwa glavu nzito kabla hakijakaza.

6. Punguza ugumu

Pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza bila kuuma, kimekaza. Sasa ni kigumu lakini kikidondoka sakafuni kinaweza kuvunjika, kwa hiyo usikilaze hadi kesho. Oveni ya nyuzi 200, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena.

Huna oveni? Futa mafuta yote, kisugue kwa msasa hadi king'ae, kisha kilaze mgongo juu ya kipande kinene cha chuma cha moto. Rangi zitapanda kuelekea makali. Kwa kisu cha jikoni, makali yakifika njano ya majani makavu, kizamishe majini. Panga linalopiga miti liache lifike kahawia.

Wakati wa kunoa kwa mashine kichovye majini kila mara. Makali yakigeuka bluu, ugumu umeondoka hapo, na dawa ni kusaga hiyo bluu yote iishe au kuanza upya hatua ya 3.