Chambo cha wolai mtoni msimu wa majani kudondoka, na ndoo iliyoniponza Minnesota

Ndugu zangu mliokulia ziwani, Mwanza, Ukerewe, Musoma, Kisumu na hata nyie wa Kalemie, hii nawaandikia nyie hasa, maana mimi nilidhani kwa vile nimetega sangara na mzee wangu tangu mdogo basi mto wa Wazungu hauna la kunifundisha. Leseni ya kuvua huku Minnesota, Marekani, unanunua online, dakika chache tu, ukishakaa jimboni siku 60 unalipa bei ya mkazi, na mwaka wao wa leseni unaanza Machi 1, hapo hamna shida. Shida ni ndoo ya chambo.

Nianze na samaki mwenyewe. Wolai, Wazungu wanaandika walleye, ni samaki mla nyama wa maji baridi, macho yake yanang'aa gizani kama ya sangara, anaona vizuri mwanga ukiwa hafifu, kwa hiyo mtafute alfajiri na jioni, au maji yakiwa na tope kidogo. Kuanzia mwisho wa Septemba maji yanapoa na yeye anakula kwa nguvu kujiandaa na barafu. Chambo cha ruba na nyungunyungu waliofanya kazi kiangazi wanapungua thamani, ruba kwenye maji baridi anajikunja kama kifungo tu na hachezi. Chukua mino, wale samaki wadogo hai wanaouzwa kwa dazeni, na Oktoba omba wakubwa kidogo, urefu wa kidole cha kati, maana msimu huu wolai anataka mlo wa kushiba.

Mino unamchomeka kwenye jigi, yaani ndoano yenye kichwa cha risasi. Ndoano iingie mdomoni itokee juu ya kichwa, hapo anakaa hai na hachomoki mkondo ukimpiga. Uzito ndio watu wanakosea: anza na robo wakia, mkondo ukiwa mpole shuka mpaka moja ya nane, ukiwa mkali panda mpaka tatu ya nane, kanuni ni jigi jepesi kuliko yote ambalo bado linagusa chini. Unalisikia kwenye mshipi, tok, jiwe, unainua kidogo, unaliacha lishuke tena. Wolai akichukua hashtui kama sangara, unasikia uzito tu kama kamba imenasa jani bichi. Maji ya tope tumia njano ya kijani au chungwa, yakiwa masafi tumia rangi za kawaida za samaki. Chambo bandia nacho kipo, wale wa mpira wenye mkia unaotikisika wanafaa sana mtoni na hawafi kwenye gari, na giza likiingia vuta taratibu kile kirefu chembamba chenye umbo la samaki karibu na mawe. Simama chini ya bwawa au pale maji ya kasi yanapokutana na yaliyotulia. Basi.

Sasa ndoo. Nilitoka mtoni saa moja jioni, nimebakiwa na mino kama kumi na tano, nikawaacha kwenye ndoo na maji yao yale yale ya mto nikapakia kwenye buti ili niwatumie kesho ziwani. Askari wa samaki alikuwa amesimama pale pale pa kushushia boti. Akafungua kifuniko, akamulika tochi, akaniuliza kwa upole kabisa haya maji umeyatoa wapi, mi nikajibu kwa kujiamini, mtoni hapo. Nikaandikiwa karatasi. Ni kosa kuondoka na maji ya mto au ziwa, hata kikombe, hata kama chambo umenunua dukani na risiti unayo. MAJI YA MTO YANABAKI MTONI. Ukitaka kubaki na mino wako, mwaga yale maji kabla hujaondoka, jaza maji ya bomba au ya chupa uliyokuja nayo. Ya bomba yana dawa itakayowaua, kwa hiyo nunua matone ya kuondoa klorini kwenye duka la samaki wa mapambo uyatie kabla hujatoka nyumbani.

Na msiwamwage mino mtoni! Shemeji yangu alifanya hivyo eti anawaonea huruma, wakaishi. Shemeji, nakupenda, ila huruma hiyo ni kosa lingine, mino waliobaki wanaenda kwenye takataka. Na wewe unayewaza kushona kikokoro chako uvue mino mwenyewe, acha, nyumbani unajua kokoro likikamatwa linachomwa, huku wana masharti yao, nunua dukani. Tena ukikamatwa usijaribu kabisa kutoa "ya soda", utageuza faini ndogo kuwa kesi ya jinai na una makaratasi ya uhamiaji mezani.

Nilikasirika wiki nzima nikasema hawa watu hawamsalimii jirani lakini wanalinda maji kwa tochi. Halafu nikakumbuka kwetu. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, furu, wale samaki wadogo wa asili, wangapi tumewapoteza? Gugumaji je, nani hakuona mitumbwi imekwama? Huku wana kome wadogo wenye mistari ya pundamilia waliotoka nje, mtoto wake kwenye maji humwoni kwa macho, na ndoo moja inatosha kumpeleka ziwa jipya. Kwa hilo nawapa haki yao, na natamani kwetu tungesimama hivyo mapema.

Nyingine kabla sijasahau, kipande cha Mississippi kati ya Ford Dam na bwawa la Hastings wolai unamkamata na kumrudisha, kwa hiyo soma kanuni za mahali ulipo kabla ya kuwasha jiko. Jumamosi nashuka tena, kwenye buti kuna galoni mbili za maji ya bomba yaliyotiwa matone tangu Ijumaa, mfuko wa takataka, na ndoo nitaimwaga pale pale kwenye changarawe kabla sijagusa mlango wa gari. Shemeji anakuja, mfuko ataushika yeye.