Jinsi ya kupima "msimu" wa hisa kabla hujapeleka hela yako DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam)

Kila ikifika mwezi wa tano hapa Dodoma, Bunge la bajeti limepamba moto na gesti zimejaa, humkosi mtu kijiweni anayekwambia uza hisa zako sasa hivi urudi mwezi wa kumi na moja. Hajatunga. Kuna utafiti wa Bouman na Jacobsen wa 2002, waliangalia masoko ya nchi 37 wakakuta kwenye nchi 36 hisa zinafanya vizuri zaidi Novemba hadi Aprili kuliko Mei hadi Oktoba. Sasa we uliyekaa Area C utapata nini hapo? Mi naona kidogo sana, ila pima mwenyewe.

Anza na kuuliza sababu. Mahindi pale Kibaigwa yana msimu unaoeleweka, mavuno yakitoka kila mtu anauza na ghala hana, bei inashuka, miezi ya mbele inapanda, na atakayeyatunza anapambana na dumuzi. Hisa haina dumuzi wala haihitaji gunia, kwahiyo watu wakishajua kwa uhakika Januari inapanda watanunua Desemba, kisha Novemba, mpaka hiyo faida inapotea. Halafu kuna ile habari kwamba Marekani hisa hupanda Januari, sababu inayotajwa sana ni kodi, watu wanauza Desemba hisa zilizowatia hasara ili wapunguze kodi, bei inashuka, halafu Januari inarudi. Hapa kwetu mtu wa kawaida akiuza hisa za DSE kwa faida hakatwi kodi kwenye hiyo faida, sasa hiyo presha ya Desemba itoke wapi?

Ukiona sababu ipo, chukua bei za kufunga mwezi za kampuni moja, mfano benki za CRDB na NMB au saruji ya Twiga, za miaka kumi, uziweke kwenye Eksel. Usidanganywe na wastani! Januari moja ikipanda asilimia 30 na tisa zingine zikalala sifuri, wastani unakuambia asilimia 3 kila Januari, wakati ukweli ni mara moja tu katika kumi. Hesabu ni miaka mingapi imepanda. Na angalia kama hisa zilikuwa zinauzwa kweli, maana kuna kampuni DSE zinakaa muda mrefu bila mtu kununua wala kuuza, bei imeganda tu, halafu wewe unasema umegundua msimu.

Kisha piga gharama, hapa ndo wengi wanaumia. Ada ya broka, yule wakala anayekununulia na kukuuzia hisa, na makato mengine ni kama asilimia 2 kununua na karibu hiyohiyo kuuza. Tuseme umenunua hisa 2,000 kwa shilingi 500, ni milioni moja, makato 20,000. Ikapanda asilimia 5 ukauza 1,050,000, makato 21,000. Kati ya ile elfu hamsini umebaki na 9,000, nauli ya kwenda Singida haitoshi, na hapo ni mwaka ambao msimu umekubali.

Kalenda inayofaa kufuatwa ni ya gawio, yaani ile sehemu ya faida kampuni inayowagawia wenye hisa. Mabenki makubwa mengi hufanya mikutano ya wanahisa kuanzia Mei hivi, na kabla ya kulipa wanatangaza siku ya mwisho ya kufunga daftari la majina ya wanahisa, usipokuwemo hupati kitu. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa linakatwa kodi asilimia 5. Ila usikimbilie kununua siku mbili kabla ukidhani umewawahi wenzako, kawaida ikishapita hiyo tarehe bei inajirekebisha kushuka, gawio lilishahesabiwa humo.

Kwa hiyo ukiuza zabibu au alizeti hela ikaingia Juni, nunua Juni, ila mpe broka bei ya juu kabisa utakayokubali, usimwambie "bei yoyote", maana kwenye hisa zisizo na wauzaji wengi oda moja kubwa inaweza kuipandisha bei dhidi yako mwenyewe.