Kumfuatilia bibi kwenye nyaraka za kale: anza na watu waliomzunguka

Fungua daftari lolote la zamani utaona mwanamume kaandikwa jina na kazi. Mkewe ni "mke wa". Mume akifa, anakuwa "mjane wa". Kabla ya ndoa alikuwa "binti wa". Mtu ni yule yule, katambulishwa mara tatu, na mara zote tatu kwa jina la mtu mwingine. Ndiyo maana watu huniletea shajara za ukoo zenye akina babu wa vizazi saba, na upande wa akina bibi pana alama za kuuliza tu.

Kazi yangu ni kufuatilia nasaba, na njia ninayoitumia ni ya kuzunguka. Ukimtafuta bibi mwenyewe utachoka. Watafute watoto wake, ndugu zake, mashahidi wa ndoa yake na majirani zake, naye utamkuta katikati yao.

Hatua ya 1: Maliza nyumbani kwanza

Kaa na wazee, lakini usiwaulize "bibi aliitwa nani?" Watakupa jina ambalo tayari unalo. Uliza nani alikuja kumhudumia alipojifungua. Uliza watoto walipelekwa kwa nani wakati wa likizo, na nani alilia sana msibani. Majibu hayo hukupa dada zake na kaka zake, na ndugu ndio mlango wa kufikia jina lake la kuzaliwa.

Kisha tazama karatasi. Geuza kila picha usome nyuma. Kama familia ina kitabu cha dini kilichoandikwa vizazi na vifo kwenye kurasa za mbele, usikiamini haraka. Tafuta kwanza mwaka kilipochapwa. Kikiwa cha 1890, na mtoto wa kwanza kaandikwa kuzaliwa 1862, basi orodha yote imeandikwa baadaye kwa kukumbuka. Angalia na wino: watoto tisa kwa wino mmoja na mwandiko usiobadilika maana yake mtu alikaa siku moja akawaandika wote. Bado ni ushahidi, ila ni ushahidi wa kumbukumbu ya mtu, na kumbukumbu hukosea tarehe kuliko inavyokosea mpangilio wa nani alimtangulia nani.

Kila unachonakili, andika umekitoa wapi na ukurasa wa ngapi. Usijiambie utakumbuka.

Hatua ya 2: Chora mstari wa miaka

Shajara huficha mambo. Mimi huchukua karatasi moja, nikachora mstari wa miaka, nikapanga juu yake kila tukio: kuzaliwa kwake (hata kwa kukisia), ndoa, kila mtoto, kila kuhama, kifo. Halafu naangalia mapengo. Watoto waliopishana miaka miwili au mitatu, kisha ghafla miaka saba, lazima pawe na sababu. Huenda kuna watoto waliofariki wachanga, au mume alisafiri. Na huenda mke si yule tena.

Hili la mwisho liliwahi kunigharimu miezi minane. Nilikuwa na baba mmoja, mke anaitwa Maria, watoto kumi na mmoja, mtoto wa mwisho mama akiwa na miaka 51. Nikasema umri umekosewa, nikaendelea. Baadaye ndipo nilipochora mstari nikaona pengo la miaka sita katikati, nikarudi kwenye kitabu cha mazishi, nikamkuta Maria wa kwanza kazikwa ndani ya pengo hilo. Mume yule alioa tena, na mke mpya naye akaitwa Maria. Miezi minane nilikuwa nawatafuta wazazi wa mwanamke mmoja kwa kutumia umri wa mwingine. Tangu siku hiyo, mama akivuka miaka 45 na bado anazaa, nasimama.

Hatua ya 3: Anzia kwenye kifo, rudi nyuma

Rekodi ya kifo ndiyo ya karibu zaidi nawe kwa wakati, na mara nyingi ndiyo rahisi kupata. Thamani yake inategemea nchi. Scotland, tangu usajili wa serikali uanze 1855, cheti cha kifo hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la mama la kuzaliwa. Uingereza na Wales, ambako usajili ulianza Julai 1837, mwanamke wa karne ya 19 huandikwa tu "mke wa" au "mjane wa" fulani, mwenye kazi fulani. Kwa hiyo jua kwanza fomu ya mahali hapo iliuliza nini.

Usipite jina la mtoa taarifa. Binti aliyekuwa kitandani pa mamake anajua zaidi kuliko mwenye nyumba aliyekwenda kuripoti. Isitoshe, mtoa taarifa mara nyingi ni ndugu uliyekuwa humjui.

Hatua ya 4: Jina lake la kuzaliwa

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu wanaagiza cheti cha mtoto mmoja tu, yule ambaye ni babu yao. Chukua vya watoto wote. Karani mmoja anaweza kuwa alisikia vibaya, mwingine akasikia sawa, na mtoto wa nne akabatizwa kwa jina la pili ambalo ni jina la ukoo wa mama. Jina la katikati lisilofanana na majina mengine ya familia lifuate mpaka mwisho.

Cheti cha ndoa nacho kina kasoro yake. Uingereza na Wales, rekodi za ndoa ziliuliza jina la baba peke yake tangu 1837. Jina la mama liliingizwa Mei 2021. Kwa hiyo kwenye ndoa ya bibi, soma mashahidi. Kwenye ubatizo wa watoto, soma wasimamizi. Jina linalojirudia kwenye ubatizo wa watoto watatu huwa ni la dada, kaka au wifi.

Kuna nchi zitakazokupumzisha. Ufaransa, sheria ya 1794 ilimfunga kila mtu na jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, hivyo mke husajiliwa kwa jina lake. Hispania mtoto hubeba jina la ukoo wa baba na la mama. Kwenye vitabu vya kanisa vya Kilatini, zoea maneno matatu: *filia* ni binti, *uxor* ni mke, *relicta* ni mjane. Hilo la mwisho likitokea kwenye ndoa, acha kutafuta jina la baba yake: jina alilonalo huenda ni la marehemu mumewe, nawe una ndoa nyingine ya kutafuta nyuma yake.

Hatua ya 5: Sensa

Soma sensa kwa mfululizo, usisome moja tu. Sensa ya Uingereza ya 1841 haionyeshi nani ni nani kwa mkuu wa kaya, na umri wa watu wazima mara nyingi ulishushwa hadi tano ya karibu: wa miaka 39 anaweza kuandikwa 35. Uhusiano unaanza kuandikwa 1851. Marekani, sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru kwa jina, na uhusiano unaingia 1880. Ile ya 1890 karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa 1921, hivyo usijilaumu usipomwona.

Nazipenda zaidi zile zilizomwuliza mwanamke mwenyewe. Marekani, 1900 na 1910, mama aliulizwa amezaa wangapi na wangapi wako hai. Uingereza iliuliza vivyo hivyo 1911, pamoja na miaka ya ndoa. Ukiona amezaa wanane, watano wako hai, nawe unawajua watano, basi kuna makaburi matatu ya kutafuta. Swali la 1911 liliwahusu walioolewa tu, lakini wajane wengi walijibu, makarani wakakata majibu yao. Yaliyokatwa bado yanasomeka, na mimi huyaona matamu kuliko yaliyoachwa. Mwaka huo huo wapo wanawake waliogoma kuhesabiwa hadi wapewe kura, kwa hiyo kukosekana kwake nako kunaweza kuwa habari.

Hatua ya 6: Fuata mali na mahakama

Tafuta wosia wa baba yake kabla ya kutafuta wa kwake. "Kwa binti yangu fulani, mke wa fulani" ni mstari mmoja unaounganisha majina yake mawili. Uingereza, mke alianza kumiliki na kuusia mali yake kwa uhuru kuanzia 1883. Kabla ya hapo, wosia wa wanawake ni hasa wa wajane na wasioolewa. Ila usidhani ilikuwa hivyo kila mahali. Madaftari ya makadhi wa dola ya Uthmaniya, katika miji kama Bursa na Kayseri ya Uturuki ya leo, yana wanawake wakiuza nyumba, wakidai mahari na mirathi, kila mmoja akiitwa binti wa fulani.

Hatua ya 7: Hakikisha ni yeye

Jina na mahali havitoshi. Nataka mambo matatu yanayotoka sehemu tofauti: kwa mfano umri, jina la ndugu na kazi ya baba. Shajara kumi za mtandaoni zinazokubaliana ni ushahidi mmoja tu kama zote zimenakiliana. Andika aya fupi ya kwa nini unaamini ni yeye; ukishindwa kuiandika, hujampata.

Ukikwama kabisa, kwenye tovuti kama FamilySearch, ambayo ni ya bure, acha kisanduku cha jina la ukoo wazi. Weka jina lake la kwanza, mahali alipozaliwa, na jina la mtoto au mume. Kisha rudia kwa jina la kaka yake, umtafute bibi miongoni mwa watu wanaolala nyumbani mwake usiku wa sensa: dada aliyefiwa na mume, kaandikwa kwa jina la ndoa ambalo hukuwahi kulisikia.