Kufungua duka dogo la bunduki Marekani: mwongozo kwa Wazanzibari walioko huko na walio njiani

Mtu aliyekulia Chake Chake au Mwanakwerekwe hustaajabu akiona bunduki inauzwa duka moja na mishipi ya kuvulia samaki. Marekani hiyo ni biashara halali, na Mzanzibari mwenye grinkadi anaweza kuiombea leseni sawa na aliyezaliwa huko. Leseni yenyewe huitwa FFL. Inatolewa na idara ya serikali ya shirikisho iitwayo ATF, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968. Wengi hudhani kazi kubwa ni kupita uchunguzi wa polisi. Kumbe mwombaji mdogo hukwama kwanza kwenye anwani, kisha, akishapata leseni, huangushwa na daftari la kuandikia bunduki zinazoingia na kutoka.

Basi tuanze na anwani, kabla hujatoa hata senti.

Leseni hii imefungamana na jengo. Hapa kwetu ukitaka kufungua kibanda unaanzia kwa sheha. Kule hakuna sheha, ila kila mji au kaunti ina ofisi ya mipango miji, na ndiyo inayosema biashara gani inaruhusiwa kwenye kiwanja gani. Usiende ukauliza "naweza kufanya biashara nyumbani kwangu?" Watakujibu ndiyo, kwa sababu watu wengi hushona nguo au huuza vitu mtandaoni wakiwa nyumbani. Uliza kwa maandishi: je, kwenye anwani hii naweza kuuza silaha kwa rejareja, wateja wakija wenyewe kuchukua? Jibu nalo lidai kwa maandishi, ulihifadhi. Ukiwa umepanga, mwenye nyumba naye akubali kwa karatasi. Mitaa yenye chama cha wenye nyumba mara nyingi ina kanuni yake inayokataza, na ukiwa kwenye fleti, hesabu kwamba jawabu litakuwa hapana, utafute kijichumba cha duka. Mkaguzi wa ATF ataliuliza suala hili, na biashara inayovunja sheria ya mji haipewi leseni hata kama mwombaji ni mtu safi kabisa.

Upande wa mtu mwenyewe, masharti ni machache. Awe ametimiza miaka 21. Asiwe na hukumu ya kosa kubwa la jinai, wala ya kosa la kumpiga mke, mume au mtu wa nyumbani kwake, hata likiwa dogo. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hawezi, na aliyemo nchini bila karatasi hawezi kabisa. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza akaingia kwa ukaazi wa kudumu anaweza.

Anayetaka kuuza bunduki na bastola za kawaida, au kuzitengeneza zikiharibika, anaomba Aina 01. Ada yake ni dola 200 kwa miaka 3, na kuihuisha baada ya hapo ni dola 90. Anayetaka kuunda bunduki mpya anaomba Aina 07, dola 150. Kuna na Aina 03 ya dola 30 ambayo huwavutia watu kwa urahisi wake, lakini hiyo ni ya wakusanyaji wa silaha za kale na haikupi ruhusa ya kufanya biashara. Na kama nia yako ni kuuza risasi tu pembeni ya duka la vifaa vya uvuvi, sheria ya shirikisho haikudai leseni ya muuzaji, ingawa majimbo mengine yanadai, California ikiwemo.

Maombi yanafanywa kwa Fomu 7. Bahasha iwe na fomu yenyewe iliyosainiwa, malipo ya ada, karatasi ya maelezo ya kila mhusika mkuu wa biashara, picha yake ya inchi 2 kwa 2, na kadi yake ya alama za vidole iitwayo FD-258. Mhusika mkuu ni kila mwenye mamlaka ya kuamua mambo ya biashara, si wewe peke yako. Kaka yako aliyetia mtaji na ana sauti kwenye maamuzi naye anahesabiwa, ajaze na achukuliwe vidole. Nakala ya fomu unampelekea mkuu wa polisi wa eneo lako. Hapo humuombi ruhusa, unamjulisha tu.

Majina ndiyo yanayotusumbua sisi kuliko watu wengine, kwa hiyo tulia hapa. Pasi ya Mzanzibari ina jina lake, la baba na la babu. Akifika Marekani, grinkadi inaandikwa Khamis Juma Ali, leseni ya udereva inaandikwa Khamis Ali, benki wanamwita Khamis Juma, na kampuni inasajiliwa kwa jina jengine tena. Kwa macho yetu ni mtu mmoja. Kwa karani anayelinganisha karatasi ni watu watatu, na maombi yanasimama mpaka wajuane. Rekebisha leseni ya udereva kwanza ifanane na grinkadi, kisha sajili kampuni, kisha ndiyo uende kuchukuliwa vidole. Pale penye nafasi ya majina mengine uliyowahi kutumia, yaandike yote. Tarehe ya kuzaliwa nayo iwe moja kila mahali, hasa kwa wale walioandikiwa Januari 1 kwa kukosa cheti.

Fomu inauliza pia siku na saa za kufungua duka. Hazihitaji kuwa nyingi, hata saa moja kwa wiki inatosha, lakini ziwe za kweli, maana mkaguzi ana haki ya kuja katika saa hizo. Ukiandika Ijumaa saa 7 mchana na saa 7 upo msikitini, atakuta mlango umefungwa. Andika saa 10 jioni.

Maombi yakishakamilika, ATF ina siku 60 za kuamua. Katikati ya muda huo mkaguzi atakupigia simu na kuja kuonana nawe dukani. Ataangalia jengo, atauliza unanunua wapi, utauza kwa nani, fedha zimetoka wapi, na atakusomea sheria moja moja kisha utie saini kwamba umezielewa. Swali lenye uzito ni kama kweli unataka kufanya biashara. Anayejibu kwamba anataka leseni ili ajinunulie bunduki zake kwa bei ya jumla atanyimwa, kwa sababu leseni ni ya mfanyabiashara. Uwe pia na kabati la chuma au kufuli za kufungia bunduki, kwani unathibitisha kwa saini kuwa vifaa hivyo vitapatikana dukani. Ukinyimwa, barua itaeleza sababu, na una siku 15 tangu kuipokea kuomba kusikilizwa. Usiziache zikapita ukisubiri ushauri wa jamaa.

Sasa daftari. Hapa ndipo duka linapoishi au kufa, na hapa tungependa msomaji asome mara mbili.

Kila bunduki ina mstari wake. Upande wa kushoto unaandika ilivyoingia, upande wa kulia ilivyotoka. Tuseme Machi 4 umepokea bunduki ya marisau kutoka kwa muuzaji wa jumla. Unaandika tarehe, kiwanda kilichoiunda, modeli, namba iliyochongwa kwenye chuma, aina yake, kipimo cha mtutu (geji 20), na jina la aliyekuuzia pamoja na namba yake ya leseni. Mwisho wa kuandika ni kufunga duka siku ya kazi inayofuata. Ikiuzwa, jina na anwani ya mnunuzi au namba ya fomu yake ya ununuzi viingie upande wa kulia ndani ya siku 7.

Namba isome kwenye bunduki yenyewe, si kwenye boksi. Maboksi hubadilishana ghalani. Herufi O na sifuri, herufi I na moja, ndizo zinazoleta mashaka, kwa hiyo mmoja asome kwa sauti na mwengine aandike. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke bado, andika sahihi pembeni, tia herufi za jina lako na tarehe. Usifute, usipake dawa nyeupe, usichane ukurasa. Mkaguzi anaweza kuja bila hati ya mahakama mara moja kila miezi 12, na anachokifanya ni kuhesabu bunduki zilizopo rafuni na mistari ya daftari iliyo wazi upande wa kulia. Zikipishana kwa moja, hiyo moja imepotea kisheria mpaka uionyeshe ilikokwenda. Na iliyopotea au kuibiwa inaripotiwa kwa ATF na kwa polisi wa mji ndani ya saa 48 tangu ulipogundua.

Mauzo yenyewe yanakwenda kwa Fomu 4473, ndiyo fomu ya ununuzi. Unajaza sehemu inayohusu bunduki, mnunuzi anajaza yake kwa mkono wake, unaangalia kitambulisho, kisha unaulizia rekodi yake kwenye mfumo wa FBI uitwao NICS, au ofisi ya jimbo pale ambapo jimbo linafanya kazi hiyo. Jawabu huwa endelea, subiri au hapana. Bunduki ndefu haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, bastola chini ya 21. Kila bastola itoke na kufuli yake.

Makosa hapa ni yale yale kila duka. Mnunuzi ameandika sanduku la posta badala ya makaazi. Ameruka kaunti. Amehama, kitambulisho kina anwani ya zamani, na muuzaji amekipokea hivyo hivyo bila hati nyengine ya serikali yenye anwani mpya. Ameulizwa kwenye NICS leo, amekuja kuchukua keshokutwa, na hakusaini tena siku ya kuchukua. Simama mbele yake, pitia kila kisanduku kabla hajaondoka, kwa sababu akishatoka na bunduki fomu ile haiguswi tena. Unatoa nakala, unarekebisha kwenye nakala, unaibana pamoja na asili. Fomu hizi hazitupwi maadamu biashara ipo.

Mzee wetu asiyejua kusoma Kiingereza akija kununua, usimjazie wewe muuzaji. Mtu mwengine anaweza kumjazia, yeye mwenyewe anasaini, na mashahidi wawili wasiokuwa muuzaji nao wanasaini. Na jamaa akija na fedha za mwenzake, "namnunulia Makame, yeye ana tatizo dogo la karatasi", mauzo hayo yamekwisha hapo hapo. Tangu mwaka 2022 kumnunulia mtu mwengine kwa njia hiyo ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 15. Mkatalie hata akiwa mtoto wa ami yako, na hapo ndipo utakapopimwa kweli, maana jamii yetu kule ni ndogo na kila mtu anamjua mwenziwe.

Limebaki la kontena. Jamaa hukusanya magodoro, friji, vipuri na baiskeli, wakapakia kontena moja hadi bandari ya Malindi, Unguja, na mwenye duka la bunduki lazima ataombwa atie "kitu kidogo tu": darubini ya bunduki, magazini ya risasi, mtutu. Leseni ya kuuza ndani ya Marekani si kibali cha kusafirisha nje. Darubini ya bunduki na vipande vya bunduki vinadhibitiwa na Wizara ya Biashara ya Marekani, na huku navyo vinahitaji kibali cha serikali yetu kabla havijafika. Kikikutwa ndani ya kontena la watu ishirini, mizigo ya wote ishirini inazuiwa, na karatasi itakayofuatwa ni ile yenye namba ya leseni yako.